Ukimya wa Aliyefungiwa: Mwanamke Mfungwa katika Filamu za Kijapani za Miaka ya 1970 na Wasichana wa Nyumba Salama ya Mugumu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi filamu inavyomsawiri mwanamke aliyefungiwa. Tumechagua vielelezo viwili vilivyo mbali kwa mahali na kwa nia. Cha kwanza ni mfululizo wa filamu za Kijapani zinazomhusu mfungwa aitwaye Sasori, zilizotolewa kati ya mwaka 1972 na 1973 kwa lengo la biashara. Cha pili ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2018 inayowahusu wasichana waliokimbia ukeketaji katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Hoja yetu ni kwamba kipimo cha usawiri huo si wingi wa mateso yanayoonyeshwa, bali ni nani mwenye ukimya na nani anayelipa gharama ya kuuvunja. Mwishoni tunaonyesha kuwa wapo wafungwa wa kike ambao bado hawajapata msimulizi, nao ni mangariba na akina mama waliotiwa hatiani.

1.0 Utangulizi

Suala la usawiri wa mwanamke limeshughulikiwa sana na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, msomaji wa Kiswahili amezoea kuiona nyumba ya baba kuwa mahali panapoweza kuwa gereza. Hata hivyo, uchunguzi wetu umejikita zaidi katika maandishi. Filamu, ambayo humfikia hata asiyejua kusoma, imepewa nafasi ndogo, na inapojadiliwa huhukumiwa kwa maudhui yake tu: je, ina maadili au haina?

Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Filamu mbili zinaweza kuonyesha tukio lilelile, moja ikamdhalilisha mwanamke na nyingine ikamtetea. Tena, na hili ndilo gumu zaidi, filamu moja inaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Ili kulitazama jambo hili kwa makini, tutaanza na kundi la filamu ambalo wengi wangeliona halistahili kuchunguzwa, yaani zile zilizouza ukatili na ashiki kwa kuwaweka wanawake gerezani. Kisha tutarejea Tarime na Serengeti, ambako kufungiwa na kukimbia si mambo ya kubuni.

2.0 Chimbuko na Soko la Filamu za Wanawake Wafungwa

Filamu za wanawake gerezani hazikuanzia Japani. Huko Marekani, Caged ya mwaka 1950, iliyoongozwa na John Cromwell, ilimwonyesha msichana asiye na uzoefu akiingia gerezani na kutoka akiwa mhalifu aliyekomaa. Ilikuwa filamu ya kuikosoa jamii. Miaka 20 baadaye mkondo ulibadilika. The Big Doll House ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Jack Hill na kupigwa nchini Ufilipino kwa gharama ndogo, ililifanya gereza kuwa kisingizio cha kuonyesha miili ya wanawake na mateso yao. Ilipata faida, na ikaigwa.

Japani ilikuwa na sababu zake za kuingia katika biashara hiyo. Mwaka 1958 kumbi za sinema za nchi hiyo ziliuza tiketi zaidi ya bilioni 1.1. Televisheni ilipoingia majumbani, idadi hiyo iliporomoka hadi chini ya milioni 200 mwaka 1972. Kampuni ya Daiei ilifilisika mwaka 1971. Mwaka huohuo kampuni ya Nikkatsu iliamua kujiokoa kwa kutengeneza filamu za ashiki kwa wingi. Kampuni ya Toei, iliyokuwa imejijengea jina kwa filamu za majambazi, nayo ikaanzisha filamu za wasichana wakorofi na za wanawake wafungwa. Mantiki yake ilikuwa rahisi: kumpa mtazamaji wa kiume kitu ambacho televisheni ya sebuleni isingethubutu kumwonyesha.

Kwa hiyo ni lazima tukiri mapema kwamba filamu hizi zilizaliwa na soko, na kwamba soko hilo lilikuwa la tamaa. Mwaka 1975, katika jarida la Screen, Laura Mulvey alieleza kuwa sinema ya kibiashara humweka mtazamaji mahali pa mwanamume anayetazama, na mwanamke mahali pa kitu kinachotazamwa. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko filamu za gerezani. Mfungwa hana pa kujificha: mlinzi humtazama kupitia tundu la mlango, na mtazamaji humtazama kupitia jicho la mlinzi.

3.0 Ukimya wa Sasori

Pamoja na hayo, moja ya mifululizo hiyo ilizaa jambo ambalo soko halikuliagiza. Agosti 1972 kampuni ya Toei ilitoa filamu ya kwanza kuongozwa na Shunya Itō, iliyotokana na katuni za Tōru Shinohara. Mhusika mkuu ni Nami Matsushima, mfungwa namba 701, aliyepewa jina la Sasori, maana yake nge. Alimpenda mpelelezi wa polisi, naye akamtumia kama chambo ili awanase wauza dawa za kulevya. Matsushima anabakwa, anatelekezwa, anajaribu kumchoma kisu mpenzi wake na kuishia gerezani. Filamu nzima ni safari ya kisasi, na mwisho wake unamrudisha palepale gerezani.

Sehemu ya Sasori ilichezwa na Meiko Kaji, aliyekuwa ameondoka Nikkatsu kampuni hiyo ilipogeukia filamu za ashiki. Katika katuni, mhusika huyu ana kinywa kichafu. Kaji aliyakataa matusi hayo na kupendekeza kuwa Sasori aseme machache mno. Pendekezo hilo lilibadili kila kitu. Katika filamu ya pili, iliyotolewa Desemba 1972, Sasori karibu hasemi kabisa. Anafungwa kamba, anapigwa, anadhalilishwa mbele ya wenzake, na jibu lake ni macho. Kamera inapomsogelea ili imtazame, yeye huitazama kamera. Mtazamaji aliyelipa tiketi ili amwangalie mwanamke asiye na uwezo anajikuta akiangaliwa.

Ukimya huu hauna budi kutofautishwa na ule wa utii. Sasori hanyamazi kwa kukosa la kusema, wala kwa hofu. Ananyamaza kwa sababu kila neno ndani ya gereza ni mali ya gereza: ungamo, ombi la huruma, taarifa dhidi ya mwenzake. Kwa kunyamaza anakizuia kitu cha mwisho ambacho hawajaweza kumpokonya.

Itō aliuunga mkono uamuzi huo kwa fani. Badala ya kuiga uhalisia, alitumia mbinu za jukwaa: mandhari yanayozunguka, taa zinazobadilika rangi ghafla, nyuso zilizopakwa kama za kabuki. Katika tukio moja la filamu ya kwanza, damu ya Matsushima juu ya kitambaa cheupe inachora duara jekundu, yaani bendera ya Japani. Hapo kosa linaondolewa kwa mpelelezi mmoja na kuwekwa juu ya dola. Ikumbukwe kuwa wakati ule Japani ilikuwa katika mtikisiko. Vuguvugu la ukombozi wa wanawake lilikuwa limejitokeza hadharani mwaka 1970. Februari 1972 Hiroko Nagata, mmoja wa viongozi wa kundi la wanamapinduzi lililoua wanachama wake lenyewe, alikamatwa. Alifariki akiwa bado mfungwa mwaka 2011. Mwanamke mfungwa hakuwa ndoto ya katuni tu. Alikuwa habari ya gazeti.

Tukio lenye uzito kuliko yote kwa hoja yetu limo katika filamu ya pili. Sasori na wenzake sita wametoroka na kufika katika kijiji kilichohamwa. Huko wanamkuta ajuza mwenye kisu. Kwa namna ya msimulizi wa jukwaani, inaelezwa kosa la kila mmoja wao: huyu alimuua mtoto wake, yule alimuua mume. Makosa hayafichwi wala hayasamehewi, lakini kila kosa linaambatana na kilichomsukuma mtendaji. Kisha ajuza anakufa na mwili wake unapeperuka pamoja na majani makavu. Katika filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya tamaa, kwa dakika chache wanawake wahalifu wanapata kitu ambacho hata mahakama haikuwapa, nacho ni kusimuliwa kikamilifu.

Hatudai kwamba jambo hili linaisafisha filamu. Mateso yaleyale ambayo Sasori anayashinda kwa macho yanaonyeshwa kwa urefu unaomridhisha mtazamaji yule ambaye macho hayo yanamkemea. Filamu inapinga na kuuza kwa mkono mmoja. Tunachodai ni kuwa inatuachia zana mbili za uchambuzi: ukimya na masimulizi ya kosa. Kwa zana hizi tunaweza sasa kuitazama Mara.

4.0 Ukimya wa Esaaro

Miongoni mwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, tohara, kwa Kikurya esaaro, ni mlango wa kuingilia utu uzima kwa wavulana na wasichana. Wazee wa mila, yaani baraza la inchama, ndio wanaotangaza msimu wa ukoo. Kwa kawaida shughuli hufanyika Novemba na Desemba, shule zinapofungwa. Kwa wasichana, tendo hilo ndilo linaloitwa ukeketaji na linalokatazwa na sheria. Msichana asiyefanyiwa huitwa msagane, jina la dharau linaloweza kumfuata hadi anapoolewa na kuzaa. Nyuma ya jina hilo upo uchumi: malipo ya ngariba, sehemu inayokwenda kwa wazee, na mahari ya ng'ombe ambayo familia inatarajia.

Mhakiki wa sanaa za maonyesho atatambua mara moja kwamba esaaro ni onyesho. Lina jukwaa, waigizaji na watazamaji. Baada ya kukatwa, msichana husindikizwa barabarani kwa nyimbo, akiwa amevishwa kanga, amefunikwa mwavuli na kutuzwa fedha. Uso wake unatazamwa na wote. Sharti kuu la onyesho hilo ni kwamba asilie na asitetemeke, kwani kilio chake ni aibu ya mama na baba yake.

Hapa tunakutana na ukimya wa pili. Kwa sura unafanana na ule wa Sasori: mwili unateswa na kinywa hakifunguki. Kwa maana ni kinyume chake. Sasori hunyamaza ili asiwe mali ya wanaomtesa, na msichana wa esaaro hunyamazishwa ili athibitishe kuwa yeye ni mali ya wanaomtazama. Mfano huu unatosha kuonyesha kwa nini mhakiki hawezi kutoa hukumu kwa kutazama picha tu. Uso uleule usiolia unaweza kuwa wa uasi au wa utii. Tofauti imo katika hiari.

5.0 Kamera Mjini Mugumu

Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Mara. Katika Wilaya ya Tarime, kituo cha Masanga kilikuwa kimekwisha kuanza kuwapokea wasichana wakati wa misimu ya ukeketaji. Kiongozi wa nyumba ya Mugumu alikuwa Rhobi Samwelly, ambaye ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na umri wa miaka 13 na nusura afe. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania kuendeleza kazi hiyo. Mwaka 2018 ilitolewa filamu ya hali halisi ya mwongozaji kutoka Kanada, Giselle Portenier, iitwayo In the Name of Your Daughter, jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulifasiri kuwa "Kwa Jina la Binti Yako". Filamu hiyo inawafuata wasichana waliokimbia makwao katika msimu wa Desemba, Rhobi Samwelly akiwa miongoni mwa wahusika wakuu pamoja na polisi wa dawati la jinsia.

Kimuundo, filamu hii inapindua kila kanuni ya filamu za gerezani. Katika zile, ukuta ni adui na kutoroka ni kutoka nje. Huku Mugumu, msichana anatoroka usiku kutoka nyumbani kwao na kukimbilia ndani ya ukuta. Mlango unaofungwa unamlinda. Mama, ambaye katika masimulizi mengi ndiye kimbilio, huenda ndiye anayemtafuta ili amrudishe. Kilele cha mgogoro si kutoroka bali kurudi: msimu unapokwisha, wazazi huitwa, huzungumzwa nao na kutakiwa kuahidi kwamba mtoto hatakatwa. Msichana mwenye umri wa shule ya msingi anatakiwa kupima uzito wa ahadi ya baba yake.

Hapa ndipo ukimya wa tatu unapotokea, nao ni ukimya unaovunjwa. Msichana anayesema "sitaki" mbele ya kamera anafanya jambo ambalo Sasori hakuweza na ambalo esaaro inalikataza. Ndiyo sababu filamu ya aina hii ina thamani. Lakini ndiyo sababu pia ina hatari ambayo filamu ya kubuni haina. Meiko Kaji alipomaliza kupigwa picha alivua sare ya mfungwa na kwenda nyumbani. Msichana wa Mugumu hana sare ya kuvua. Uso wake ni uso wake, na kijiji alichokikimbia kinaujua. Neno lake linaposambazwa duniani, yeye bado anaishi siku chache za mwendo kutoka kwa wale aliowasema, au anarejea kuishi nao.

Kwa hiyo dhana ya Mulvey inahitaji nyongeza inapoletwa katika filamu ya hali halisi ya Kiafrika. Haitoshi kuuliza nani anatazama. Tuulize pia: anayetazamwa atalala wapi usiku wa leo? Idhini ya mtoto, hata ikitolewa kwa furaha, haiwezi kupimwa kwa saini peke yake. Watazamaji wa mbali nao wajichunguze. Wapo wanaozitazama picha za mateso ya wasichana wa Kiafrika kwa huruma isiyo mbali sana na udadisi uliojaza kumbi za Tokyo mwaka 1972. Filamu ya utetezi hujikinga na udadisi huo pale inapotumia muda wake mwingi kuyaonyesha maamuzi ya msichana, na muda mfupi kuuonyesha wembe.

6.0 Wafungwa Wasiosimuliwa

Tumeona kwamba gereza la Sasori linapinduliwa Mugumu na kuwa kimbilio. Lakini magereza halisi yapo Mara, na wanawake huingia humo kwa sababu ya jambo hilihili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinamhusu mtu mwenye malezi ya aliye chini ya umri wa miaka 18 ambaye anamkeketa au anasababisha akeketwe. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili.

Tukiitazama sheria hii kwa jicho la usawiri, jambo moja linajitokeza. Wanaoshika wembe ni wanawake, na wanaoshika mikono ya mtoto ni wanawake. Wanaotangaza msimu na wanaopokea ng'ombe ni wanaume. Mwenye kukutwa na ushahidi mikononi ni rahisi kumfunga kuliko mwenye kutamka neno katika baraza la siri. Hivyo ngariba na mama ndio wanaoelekea kusimama kizimbani, huku mfumo uliowatuma ukibaki nje ya picha. Katika picha nyingi za kampeni ngariba huonekana kama mkono na wembe tu. Hana utoto, ingawa naye alikuwa mtoto aliyekatazwa kulia.

Hatutaki kueleweka vibaya. Kusimulia kisa cha ngariba si kumtetea, na mtoto aliyekatwa ndiye mwenye haki ya kwanza. Hata hivyo, sheria peke yake imekwenda polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa mkoani Mara asilimia 32 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 28. Kwa Tanzania nzima kiwango kilishuka kutoka asilimia 10 hadi 8. Jamii haiwezi kuliacha jambo ambalo haijaelewa ni kwa nini inalifanya, na kuelewa huko hakuji kwa kumwonyesha mtendaji kama zimwi. Hapa ajuza wa filamu ya Itō anatufaa kuliko tulivyotarajia: kosa lisemwe wazi, mtendaji atajwe, kisha isemwe pia njia iliyomfikisha hapo na aliyeichonga njia hiyo.

7.0 Hitimisho

Tumeona aina tatu za ukimya. Upo ukimya wa kukataa, ambao filamu za kibiashara za Kijapani ziliufikia karibu bila ya kukusudia, kwa ubishi wa mwigizaji mmoja na ubunifu wa mwongozaji wake. Upo ukimya wa kulazimishwa, ambao esaaro inaudai kwa msichana ili heshima ya wengine isimame. Na upo ukimya uliovunjwa katika nyumba salama ya Mugumu, ambao thamani yake ni kubwa na gharama yake inalipwa na mtoto.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mhakiki wa filamu katika Kiswahili asiishie kuhesabu matukio ya aibu au ya ukatili. Achunguze ni nani anayenyamaza, kwa hiari ya nani, na ni nani atakayelipa akisema. Kwa kipimo hiki, filamu iliyodharauliwa inaweza kuwa na funzo, na filamu yenye nia njema inaweza kuwa na deni. Pili, waandishi na watengenezaji wa filamu wa Tanzania wakikabili kisa cha wanawake waliofungwa kwa kosa la ukeketaji. Kisa hicho kisimuliwe kwa Kiswahili na kwa Kikurya, na watu wanaoweza kukaa na mama, ngariba, binti na mzee wa mila katika baraza moja.

Sasori alirudi gerezani mwishoni mwa filamu yake ya kwanza, na soko likamtoa tena kwa kuwa alikuwa na faida. Msichana wa Serengeti akirudi nyumbani, hakuna soko litakalomtoa. Kitakachomlinda ni neno la wazazi wake, macho ya majirani na uthabiti wa sheria. Filamu inayomhusu ipimwe kwa namna ilivyoviimarisha vitu hivyo vitatu.